Wingu, Maji na Hesabu ya Volti katika Ghuba ya Mwanza

Busisi, iliyoko ukingo wa magharibi wa Ghuba ya Mwanza katika Wilaya ya Sengerema, ilijulikana kwa miaka mingi kama mahali pa kusubiri pantoni ya kwenda Kigongo. Hata hivyo, maji yaliyo mbele yake yana nafasi pia katika historia ya sayansi ya umeme, kwa kuwa ghuba hiyo ni sehemu ya Ziwa Victoria, mojawapo ya sehemu za dunia zenye radi nyingi zaidi, na njia mojawapo ya awali ya kuieleza radi ilitokana na mabamba mawili yaliyotenganishwa na hewa.

Katika miaka ya 1750, mjini Berlin, Franz Aepinus na Johan Wilcke walitundika mbao mbili kubwa zilizofunikwa kwa metali, wakaacha hewa katikati, wakautia chaji ubao mmoja na kuuunganisha wa pili na ardhi. Waligundua kwamba mbao hizo huhifadhi chaji kama ilivyofanya chupa ya Leiden, iliyovumbuliwa kati ya 1745 na 1746 na ambayo ilitumia kioo badala ya hewa, na wakatambua kwamba wingu la radi na ardhi iliyo chini yake vimo katika hali hiyohiyo. Walichokosa ni kipimo. Mwaka 1828 George Green, msaga nafaka wa Nottingham, aliipa jina la potenshali dhana iliyokuwa ikitumika katika hisabati, ambayo baadaye ilifafanuliwa kuwa kazi inayohitajika kuhamisha kizio kimoja cha chaji hadi mahali fulani; tofauti ya potenshali kati ya sehemu mbili ndiyo inayopimwa kwa volti.

Mabamba yakiwa bapa, sambamba, na mapana kuliko mwanya ulio kati yao, uga wa umeme, yaani nguvu inayosukuma kila kizio cha chaji, huwa sawa karibu kila mahali ndani ya mwanya, hivyo volti hupatikana kwa kuzidisha uga kwa umbali. Betri ya volti 12 ikiunganishwa na mabamba yaliyoachana milimita 2, uga huwa volti 6,000 kwa mita. Ikichukuliwa kwamba kitako cha wingu kiko mita 1,000 juu ya ghuba, na uga ni volti 10,000 kwa mita, tofauti ya potenshali inafikia volti milioni 10. Hesabu hiyo ina mipaka yake: hewa kavu hupitisha cheche uga unapokaribia volti milioni 3 kwa mita, ilhali uga unaopimwa ndani ya mawingu kwa kawaida huwa chini sana ya hapo, na namna radi inavyoanza bado inachunguzwa. Aidha, nchi kavu ina majani na miti ambayo ncha zake huvujisha chaji hewani na kupunguza uga, lakini uso wa maji hauna ncha za namna hiyo, kwa hiyo uga unaweza kupanda zaidi juu ya ziwa.

Mchana upepo huvuma kutoka ziwani kwenda nchi kavu, na mawingu hujengeka huko. Usiku upepo hugeuka, hewa ya pande zote hukutana juu ya maji yenye joto, hupanda, na kuzaa dhoruba zinazonguruma hadi asubuhi. Mzunguko huo, ambao wataalamu wa hali ya hewa Hermann Flohn na Klaus Fraedrich waliueleza mwaka 1966, una uzito wa pekee katika historia ya vipimo. Mwanafizikia C.T.R. Wilson alikuwa amependekeza mwaka 1920 kwamba dhoruba za dunia nzima ndizo zinazoichaji anga ya juu, ambayo pamoja na ardhi hufanya kapasita, yaani jozi ya mabamba yanayohifadhi chaji, yenye takriban volti 250,000. Vipimo vya meli Carnegie, iliyosafiri baharini kuanzia 1909 hadi 1929, vilionyesha uga wa siku tulivu ukifikia kilele karibu saa 4 usiku kwa saa za Afrika Mashariki na kushuka chini kabisa karibu saa 12 asubuhi. Dhoruba za ziwa huenda kinyume, kwani hushamiri katika saa ambazo radi duniani kwa jumla hupungua.

Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa takriban kilomita 3, lililozinduliwa tarehe 19 Juni 2025 kati ya Kigongo na Busisi, limeiongezea ghuba nguzo ndefu ambazo vilele vyake hukusanya uga, na hapo kuzidisha uga kwa umbali hakutoshi tena, bali huhitajika hisabati pana aliyoiendeleza Green. Anayevuka ndani ya gari lenye bodi ya chuma hukingwa na bodi hiyo, kwa kuwa chaji hupita juu ya uso wake wa nje. Mvuvi wa dagaa, ambaye kazi yake ni ya usiku wa giza na mtumbwi wake ni wa mbao, hana kinga ya aina hiyo, naye akisimama kuvuta wavu katikati ya maji bapa huwa yeye mwenyewe ndiye ncha ya bamba la chini.