Injini Yenye Ndugu Wengi

Gari la zamani likifa injini mjini Kampala, fundi mzuri haanzi kwa kuuliza injini ipi ina nguvu zaidi. Anauliza ipi ina ndugu wengi mjini, yaani ni gari ngapi nyingine zinaitumia, na vipuri vyake vitapatikana wapi mwaka kesho. Wako wanaoiona desturi hii ya kung'oa injini ya asili na kupachika ya gari jingine kuwa kiraka cha ufukara. Naona wanakosea. Ni hesabu iliyofunzwa na miaka ya uhaba, kisha ikanolewa na miaka ya wingi, na mantiki yake inaeleweka tu ukiifuata tangu ilikoanzia.

Kabla ya 1972 hesabu hiyo haikuhitajika sana. Peugeot, Volkswagen, Ford na Land Rover zilikuwa na mawakala wao, na biashara ya vipuri kwa sehemu kubwa ilikuwa mikononi mwa wafanyabiashara wenye asili ya Bara Hindi. Peugeot 404, iliyoshinda mbio za Safari mwaka 1963, kisha miaka mitatu mfululizo kuanzia 1966, ilipendwa kwa ugumu wake, lakini ugumu huo ulikuwa na mwega: duka lenye pistoni na ringi zake rafuni. Agosti 1972 Idi Amin akawapa Waasia siku 90 waondoke. Maduka yakagawiwa wanajeshi na vipenzi vya utawala, kundi ambalo watu wa mitaani walilibandika jina la mafuta mingi. Rafu zilikwisha upesi, lakini hasara kubwa zaidi haikuonekana kwa macho. Yaliondoka madaftari ya kuagizia, ikaondoka imani ya viwanda vya Ulaya vilivyokuwa vikitoa mali kwa mkopo, akaondoka na yule mtu wa kaunta aliyejua kwa kichwa kwamba bearingi ya gari hili huingia kwenye lile. Fedha za kigeni zikaadimika, na kipuri kikawa kitu cha magendo kama sukari na sabuni.

Hapo ndipo Katwe, mtaa wa mafundi kando ya njia ya Entebbe, ulipopewa mzigo ambao haukuuomba. Mafundi wake walikuwa wakichomelea, wakichonga na kusubu vyuma chakavu, na sasa walitakiwa kuziba pengo la mawakala wote kwa pamoja. Bushi na bracketi huweza kuchongwa. Krenki iliyovunjika ni mlima mwingine. Kipuri kisichochongeka kilitolewa kwenye gari lililochinjwa, na pale ambapo hakukuwa na gari la aina ileile la kuchinja, injini nzima ya aina nyingine ndiyo iliyobaki. Kwa hiyo kubadilisha injini kulianza kama njia ya mwisho, baada ya nyingine zote kuzibwa.

Miaka ya 1990 iligeuza hesabu hiyo juu chini. Mwaka 1990 serikali ilihalalisha maduka ya kubadilisha fedha, na magari yaliyotumika Japani yakaanza kumiminika. Wajapani huendesha upande wa kushoto kama sisi, kwa hiyo usukani tayari upo mahali pake. Ukaguzi wao wa lazima, wa kwanza baada ya miaka mitatu na kisha kila baada ya miwili, huwafanya wenye magari wayaache mapema, injini zikiwa bado na uhai mrefu. Pamoja na magari zikaja injini peke yake, zikapita Mombasa na kusafiri zaidi ya kilomita 1,100 hadi kwenye marundo ya soko la Kisekka. Toyota HiAce ikawa takisi ya mji, ikapewa jina kamunye, yaani mwewe. Kufungua injini iliyonoki, kusaga krenki, kununua pistoni na kungoja siku kadhaa kukawa kunashindana na injini nzima iliyotoka kushushwa. Kilichokuwa njia ya mwisho kikawa mara nyingi njia ya kwanza.

Lakini wingi haukufuta lile swali la ndugu. Tazama ukoo wa injini za dizeli za Toyota: 2L yenye sisi 2,446, 3L yenye 2,779 na 5L yenye 2,986. Zinafanana kiasi kwamba mwenye 2L iliyokufa hupandishiwa 3L bila kukatakata chesisi. Kuitia Land Rover ya petroli dizeli ya Kijapani, jambo lililofanyika sana katika kanda yetu, ni kazi ya namna nyingine. Sampu ya oili inaweza kugonga ekseli ya mbele. Maunti huchomelewa upya, na kati ya injini na giaboksi hutengenezwa bamba la kuziunganisha, ambalo likikaa upande kwa unene wa ukucha hula bearingi ya shafti. Dizeli huzunguka polepole kuliko petroli, kwa hiyo difu ileile hulifanya gari livute vizuri mlimani na kuchoka kwenye lami iliyonyooka. Fundi anayeyataja haya kabla ya kupokea malipo ya kwanza anapima, habahatishi.

Wapo wanaosema hii yote ni lugha nzuri ya kufunika umaskini. Umaskini upo, sikatai. Lakini mtu aliyekosa fedha tu angechukua injini ya bei ya chini kuliko zote, na injini ngeni isiyo na ndugu mara nyingi ndiyo hiyo. Kampala huikwepa. Pingamizi la usalama ni zito zaidi, nami nalikubali: injini yenye nguvu zaidi ikipachikwa kwenye gari lenye breki za zamani ni hatari kwa kila aliye barabarani, na namba yake isipoandikwa upya kwenye kitabu cha gari, hufungua mlango kwa injini za wizi. Hapo kosa ni la kazi iliyoachwa nusu, na dawa yake ni ukaguzi. Kuhusu moshi, injini iliyochoka ndiyo inayofuka zaidi, na hiyo ndiyo inayotolewa.

Sheria ya 2018 iliyokataza kuingiza magari yenye miaka 15 na zaidi imelipa gari lililokwisha kuwa nchini thamani mpya, na hesabu sasa imehamia kwenye umeme wa injini. Injini za D4 za Toyota, zinazopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa shinikizo kubwa, zilijichafulia jina, kwa kuwa pampu zake hazivumilii mafuta machafu, na wenye magari wengi wakazing'oa na kuweka VVT-i ya kawaida, ambayo kila fundi anaijua. Lakini injini hiyo haiwaki bila kontroli boksi yake. Mnunuzi makini akifika Kisekka huacha kwanza kuangalia chuma, akainama kutazama waya: zikiwa zimekatwa karibu na injini, anasogea kwenye rundo linalofuata.