Faragha Kabla ya Takwimu: Hoja Kuhusu Tafiti za Kitaifa za Mwenendo wa Kujamiiana

Tanzania imefanya tafiti za kitaifa za VVU na UKIMWI katika kaya mwaka 2003–04, 2007–08, 2011–12, 2016–17 na 2022–23, na manufaa yake hayana ubishi. Nchini Kenya, utafiti wa demografia na afya wa mwaka 2003 ulipima damu za wahojiwa majumbani na kukuta maambukizi ya asilimia 6.7 kwa watu wazima, chini ya makadirio yaliyokuwa yakitegemea kliniki za wajawazito. Bila kubisha hodi kwenye kaya, hesabu hiyo isingesahihishwa.

Lakini tafiti hizi hukusanya mambo mawili yasiyolingana kwa uzito. Damu hupimwa maabara. Idadi ya wenza, umri wa kuanza ngono na matumizi ya kondomu hutegemea mtu atakachokubali kusema mbele ya mgeni. Katika ripoti zetu majibu hayo hupangwa kwenye majedwali, asilimia hadi nukta moja, kana kwamba nayo yametoka maabara. Hapo ndipo penye kasoro.

Ushahidi tunao hapa hapa nyumbani. Mwaka 2004 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa vijijini mkoani Mwanza, ambako majibu ya vijana yalilinganishwa na vipimo vyao. Vijana 9,280 walihojiwa ana kwa ana na kupimwa. Waliojaza dodoso wenyewe kwa kusaidiwa walikuwa 6,079, na 74 walifanyiwa mahojiano ya kina. Miongoni mwa wale ambao vipimo vilionyesha wameshajamiiana, ni asilimia 58 tu ya wavulana na asilimia 29 ya wasichana waliokiri katika madodoso yote mawili. Wasichana sita kati ya waliohojiwa kwa kina walikuwa na magonjwa ya zinaa. Katika madodoso, ni mmoja wao tu aliyewahi kusema amefanya ngono. Walipoketi na mtafiti kwa mazungumzo marefu, watano walisema.

Sikubali kwamba wasichana hao walikuwa waongo. Katika Tanzania ya miaka ile, mwanafunzi aliyepata mimba alifukuzwa shule. Ruhusa ya kurudi ilitolewa Novemba 2021 tu. Msichana mwenye akili timamu angemwambiaje mgeni mwenye kalamu na karatasi jambo ambalo likivuja linamkatisha masomo? Alijilinda, na alikuwa na haki ya kujilinda. Aliyeshindwa ni mbinu, si mhojiwa.

Mhojaji anapofika nyumbani hukaribishwa kwenye mkeka barazani. Mama mkwe anachambua mboga hatua chache pembeni, watoto wamesogea kutazama kishikwambi, jirani naye amepita kusalimia. Hapo mke wa miaka ishirini anaulizwa amelala na wanaume wangapi katika miezi kumi na miwili iliyopita. Atajibu mmoja, na kishikwambi kitapokea.

Dodoso la demografia na afya lenyewe linalitambua tatizo hili: humtaka mhojaji ajitahidi kupata faragha kabla ya maswali ya kujamiiana, na aandike kama kulikuwa na mtu karibu. Ila mahojiano huendelea. Kwenye sehemu ya ukatili wa kijinsia kanuni ni kali zaidi: huchaguliwa mwanamke mmoja tu katika kaya, na faragha ikikosekana maswali hayaulizwi. Kanuni hiyo ihamishiwe kwenye maswali ya kujamiiana, na kila ripoti itaje, ndani ya jedwali lenyewe, ni mahojiano mangapi yalifanyika watu wengine wakisikia.

Nitaambiwa sampuli itapungua. Itapungua kweli, ila majibu elfu nne yaliyotolewa kwa uhuru yana thamani zaidi kuliko elfu kumi yaliyotolewa chini ya jicho la mkwe. Wengine watapendekeza njia ya Uingereza, ambako utafiti wa 1990–91 wa watu 18,876 uliwapa wahojiwa vijitabu wajaze wenyewe majibu nyeti. Huko imesaidia, lakini Mwanza dodoso la kujaza mwenyewe halikuwafungua wasichana. Kilichowafungua ni muda na mtu waliyemwamini. Basi kila utafiti wa kitaifa uwe na kundi dogo la mahojiano ya kina, ili tupime majedwali yanapotoka nje ya ukweli kwa kiasi gani.

Kuna pia suala la fedha. Mpango wa kimataifa wa tafiti za demografia na afya, uliogharamiwa na Marekani tangu 1984, ulisitishwa mwaka 2025. Uingereza nayo ilipitia mtihani huo: serikali yake ilikataa mwaka 1989 kugharamia utafiti ule wa 1990–91, na shirika la hisani la Wellcome Trust ndilo lililoubeba. Sisi tusingoje mfadhili mwingine aje na dodoso lake. Ofisi za takwimu za Dodoma na Nairobi zitenge fungu katika bajeti zake, na kamati za maadili ya utafiti zikatae kuidhinisha dodoso lolote la kujamiiana lisilomwagiza mhojaji kufunga kishikwambi pale faragha inapokosekana.