Kwa nini makardinali hufungiwa ndani wanapomchagua Papa?

Mei 2025, redio nyingi za hapa nchini zilitangaza habari ya moshi mweupe uliotoka Vatikani. Makardinali 133 walikuwa wamefungiwa tangu Mei 7, na kesho yake wakampata Papa Leo wa 14. Miongoni mwao alikuwepo Mtanzania, Kardinali Protase Rugambwa, Askofu Mkuu wa Tabora.

Kuanzia Ushongo hadi Tanga mjini, watu walijiuliza swali moja, Wakristo na Waislamu vilevile: kwa nini watu wazima, tena viongozi wa dini, wafungiwe ndani kama watu wasioaminika? Jibu lake lina zaidi ya miaka 750. Tunalieleza hapa hatua kwa hatua.

Zamani nani alikuwa anamchagua Papa?

Papa ni Askofu wa Roma. Kwa karne nyingi alichaguliwa na mapadri na watu wa Roma wenyewe. Shida ni kwamba koo tajiri za mji ule, pamoja na wafalme wa Ujerumani, walijiingiza na kumweka mtu wao. Mwaka 1046, Mfalme Henry wa Tatu wa Ujerumani alifika Italia, akasimamia kuondolewa kwa waliokuwa wakigombania kiti hicho, na akamweka aliyemtaka yeye.

Mwaka 1059 Papa Nikolaus wa Pili alitoa amri kwamba wenye kuongoza uchaguzi ni makardinali, yaani viongozi wa juu wa Kanisa la Roma. Wengine wabaki kukubali tu. Hapo mlango wa wafalme na matajiri ulianza kufungwa.

Theluthi mbili ilitoka wapi?

Amri ile haikusema wazi kura ngapi zinatosha. Mwaka 1159 makardinali waligawanyika. Wengi walimchagua Aleksanda wa Tatu, wachache wakamtangaza Viktor wa Nne, na Mfalme Frederick wa Ujerumani akawaunga mkono wale wachache. Kanisa likawa na watu wawili, kila mmoja akijiita Papa. Ugomvi huo ulichukua karibu miaka 18.

Aleksanda alipopata amani aliitisha mkutano mkuu wa maaskofu huko Laterano, Roma, mwaka 1179. Wakaweka sheria: kura za makardinali wote ni sawa, na Papa ni yule aliyepata theluthi mbili.

Tuchukue mfano wa karibu. Tuseme wavuvi 18 wa Ushongo wanachagua kiongozi wa kikundi chao. Kumi wanamtaka huyu, wanane wanamtaka yule. Kama nusu na zaidi inatosha, wale kumi wameshinda, lakini wale wanane wanaweza kujitenga na kuweka kiongozi wao. Kwa theluthi mbili, zinahitajika kura 12. Wale kumi lazima waende kuzungumza na wenzao hadi wapate angalau wawili. Kiongozi anayepatikana hivyo ni vigumu kumkataa.

Lakini dawa hii ina madhara yake. Je, kama hakuna upande unaokubali kulegeza? Hapo kikundi kinakaa bila kiongozi kabisa. Ndivyo ilivyotokea Viterbo.

Viterbo: karibu miaka mitatu bila Papa

Papa Klementi wa Nne alifariki Novemba 29, 1268, katika mji wa Viterbo, kaskazini mwa Roma. Makardinali walikutana humohumo kumchagua mrithi. Walikuwa pungufu ya 20, na waligawanyika pande mbili. Upande mmoja ulimtaka Papa atakayekuwa rafiki wa Mfaransa Charles wa Anjou, aliyekuwa ametwaa ufalme wa kusini mwa Italia. Upande mwingine uliogopa nguvu zake. Mwaka ukapita, ukapita na wa pili. Baadhi ya makardinali walifariki kabla uchaguzi haujaisha.

Watu wa Viterbo walichoka. Wakawafungia makardinali ndani ya jumba la askofu na kuwapunguzia chakula. Habari zilizoandikwa kuhusu mkasa huo zinasema waliezua hata paa la jumba, jua na mvua viwaharakishe.

Mwishowe makardinali walikubali kuwapa kazi hiyo wenzao sita. Septemba 1, 1271, hao sita walimtaja mtu ambaye hakuwa kardinali wala padri, na wala hakuwepo Italia: Teobaldo Visconti, shemasi mkuu wa Liège, ambaye wakati huo alikuwa Acre, kwenye pwani ya Palestina. Alisafiri kurudi, akapewa upadri na uaskofu, na mwaka 1272 akawa Papa Gregori wa Kumi.

Sheria ya ufunguo

Gregori hakutaka jambo lile lijirudie. Katika mkutano mkuu wa Lyon, Ufaransa, mwaka 1274, alitoa sheria kali:

- Papa akifa, makardinali wasubiri wenzao siku 10 tu.
- Wakae wote katika chumba kimoja, mlango ufungwe, wasionane na mtu wa nje.
- Chakula kipitie dirishani.
- Zikipita siku tatu bila Papa kupatikana, wapewe sahani moja tu mchana na moja jioni.
- Zikipita nyingine tano, wabaki na mkate, divai na maji.
- Muda wote huo wasipokee mapato ya Kanisa.

Kutokana na sheria hii uchaguzi ukajulikana kama konklave, kwa Kilatini "kwa ufunguo". Gregori alipofariki Januari 1276, mrithi wake alipatikana siku ya kwanza ya kura.

Hata hivyo makardinali hawakuipenda, na mwaka huohuo wa 1276 ikasimamishwa. Matokeo yalionekana baadaye: kuanzia Aprili 1292 hadi Julai 1294 Kanisa lilikaa tena bila Papa. Selestini wa Tano, mtawa mzee aliyechaguliwa baada ya hapo, aliirudisha. Alijiuzulu Desemba 1294, na Bonifasi wa Nane aliyemfuata akaiingiza katika kitabu cha sheria za Kanisa. Tangu hapo imerekebishwa mara nyingi, lakini msingi wake umebaki.

Watanzania ndani ya chumba hicho

Kardinali Laurean Rugambwa, aliyepewa ukardinali mwaka 1960, alipiga kura mwaka 1963 na mara mbili mwaka 1978. Kardinali Polycarp Pengo alipiga kura mwaka 2005 na 2013. Mwaka 2025 hakuingia, kwa kuwa kardinali aliyetimiza miaka 80 hapigi kura.

Siku hizi chakula hakipunguzwi tena, na makardinali wanalala kila mmoja chumbani kwake. Lakini simu huachwa nje, kura ni ya siri, na theluthi mbili ni ileile: mwaka 2025, kati ya kura 133, zilihitajika 89.

Uamuzi wa mle ndani unatufikia hata sisi wa pwani. Papa ndiye anayeteua maaskofu, akiwemo wa Jimbo la Tanga. Basi ukisikia redioni kwamba moshi umetoka mweusi, maana yake ni kwamba hakuna aliyefikisha theluthi mbili, na makardinali bado wamefungiwa.