Mimba na VIH: hii karatasi ya damu inasema nini?

Katika teritware ya Fizi, kuanzia Nundu, Lusenda na Baraka hadi Misisi kwenye machimbo ya dhahabu, mama akifika CPN mara ya kwanza anaombwa kutoa damu kidogo ili apimwe VIH. Kwa anayekutwa na virusi, huo si mwisho wa vipimo. Vingine vinafuata, na kila kimoja kina karatasi yake na namba zake. Hapo ndipo wengi wanachanganyikiwa. Mama mmoja anaacha dawa sababu karatasi imesema virusi havionekani. Mwingine analilia mtoto ambaye pengine hana ugonjwa wowote.

Tujue kwanza hesabu yenyewe. Bila dawa, kati ya watoto 100 wanaozaliwa na wamama wenye VIH na kunyonyeshwa, 15 hadi 45 wanaweza kuambukizwa: tumboni, wakati wa kuzaliwa, ao kwa maziwa. Mama akimeza dawa vizuri, wanashuka chini ya 5. Kwa hiyo ni vema kuelewa kila kipimo kinajibu swali gani.

Kipimo cha haraka: je, nina VIH?

Ni lile tone la damu la kwenye kidole. Kipimo hiki hakitafuti virusi vyenyewe, kinatafuta alama ambazo mwili unatengeneza ukipambana navyo. Kikionyesha « réactif » mara moja, jibu bado. Muganga anarudia na kipimo cha aina nyingine, ndipo anathibitisha.

Kikionyesha « non réactif », ni habari njema, lakini mtu aliyeambukizwa karibuni anaweza kukaa hadi miezi 3 bila kuonekana. Ndiyo maana mama anaombwa kurudia mimba ikikaribia mwisho. Anayeambukizwa akiwa na mimba ao akinyonyesha anakuwa na virusi vingi sana mwilini, na hatari kwa mtoto inapanda. Baba naye apimwe, hii si kazi ya mama peke yake.

Kama tayari unameza dawa, usiende kurudia kipimo hiki mahali pengine ili kuona kama umepona. Dawa zinaweza kupunguza zile alama, kipimo kikakudanganya.

CD4: askari wa mwili wamebaki wangapi?

CD4 ni chembe za damu zinazolinda mwili. Zikiwa chini ya 200, mwili umechoka sana, na muganga anapaswa kutafuta kifua kikuu na magonjwa mengine. Lakini dawa hazingojei CD4. Kila mama mwenye mimba aliyethibitishwa kuwa na VIH anaanza dawa mapema, hata siku ileile, na anaendelea maisha yote. Tena, wakati wa mimba damu inaongezeka maji, kwa hiyo namba ya CD4 inaweza kushuka kidogo bila ugonjwa kuzidi. Usiogope kwa sababu hiyo tu.

Wingi wa virusi: je, dawa zinafanya kazi?

Hiki ndicho kipimo kikubwa kwa usalama wa mtoto. Wengi wanakiita « charge virale ». Kinahesabu virusi katika mililita moja ya damu.

Zaidi ya 1000: virusi ni vingi. Pengine dawa zinarukwa, pengine hazifanyi tena kazi. Sema ukweli kwa muganga ili asaidie haraka, maana siku ya kuzaa haingoji.

Chini ya 1000: virusi vimepungua, lakini bado mashine inaviona. Endelea kumeza dawa bila kuruka siku.

« Indétectable »: vimebaki vichache sana hata mashine haivioni. Ni ushindi, lakini si kusema kwamba umepona. Virusi vimejificha mwilini. Ukiacha dawa, vinarudi ndani ya majuma machache, na mtoto yuko bado tumboni ao kwenye titi.

Aliyekuwa kwenye dawa kabla ya mimba anapimwa mwanzoni mwa CPN. Aliyeanza dawa akiwa na mimba anapimwa karibu na juma la 34 hadi 36. Kwetu barabara ni mbovu na usalama ni mdogo, matokeo yanaweza kuchelewa. Karatasi ikichelewa, dawa zisichelewe.

Dawa ambazo hazipatani

Wamama wengi wanapewa kidonge kimoja kwa siku, TLD, chenye dawa tatu: tenofovir, lamivudine na dolutegravir. Vidonge vya kuongeza damu vya CPN vinaweza kuzuia dolutegravir isiingie vizuri. Vimeze pamoja wakati wa chakula. Kama hakuna chakula, meza TLD saa 2 kabla ya vidonge vya damu ao saa 6 baadaye.

Kama unameza cotrimoxazole (Bactrim) kila siku, usipewe Fansidar ya kuzuia malaria. Mwambie anayetoa dawa, na ulale ndani ya chandarua.

Mtoto akizaliwa

Anapewa sirop ya nevirapine kwa majuma 6. Kama hatari ni kubwa, anaongezewa dawa nyingine na siku zinakuwa nyingi zaidi. Kipimo cha haraka kabla ya miezi 18 kinaweza kuona alama za mama ndani ya damu ya mtoto, hivyo hakitoshi kusema ni mgonjwa. Anahitaji PCR, matone ya damu ya kisigino yanayochukuliwa kati ya juma la 4 na la 6. Jibu la mwisho linapatikana akifikisha miezi 18, ao miezi 3 baada ya kuacha kunyonya, kama amechelewa kuacha.

Anyonye maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6, bila maji wala uji. Kisha anaongezewa chakula na kuendelea kunyonya, mama akiendelea na dawa.

Vita ikikukimbiza

Weka fishi yako na dawa pamoja na vitu vya kwanza kubeba. Ukifika ugenini, onyesha fishi kwenye kituo cha afya kinachofanya PTME. Kama siku zimepita bila dawa, rudi mara moja, usimeze mbili kwa kulipa deni.

Matokeo yako ni siri. Sheria namba 08/011 ya tarehe 14 julai 2008 inawalinda wanaoishi na VIH wasibaguliwe.

Kwenye CPN ijayo, uliza haya: Charge virale yangu ni ngapi? Itapimwa tena lini? PCR ya mtoto itafanyika tarehe gani? Uombe yaandikwe kwenye fishi yako.