Umri wa Ulanzi: Juu ya Kuonja na Kuhukumu Kinywaji katika Nchi ya Songea

Wasomi wengi wakitaja elimu ya kuonja mvinyo, fikira zao huenda moja kwa moja Ufaransa: kwenye ghala lenye mapipa chini ya ardhi, chupa iliyoandikwa mwaka wake, na mtu anayenusa glasi kwa utulivu kabla ya kutia tone ulimini. Kwao elimu hiyo haitengani na miaka. Kinywaji kisichoweza kuwekwa, wasema, hakiwezi kuwa na waamuzi. Kina wanywaji tu. Nimelisikia neno hilo hata kwa watu waliozaliwa Songea, ambao baba zao waliweza kukuambia, kwa kunusa tu, kama ulanzi ulio mbele yao uligemwa alfajiri au jana jioni. Makala hii yajaribu kulipinga neno hilo, na kueleza jinsi lilivyopata nguvu.

Ulanzi ni utomvu wa mwanzi, ule ambao wataalamu wa mimea huuita Oxytenanthera abyssinica. Hugemwa katika nyanda za juu za kusini, hasa Iringa na Njombe, na kuteremka hadi Songea. Msimu wake ni msimu wa mvua, tangu machipukizi yatokezapo, Desemba au Januari, hadi Aprili au Mei. Mgema hukata ncha ya chipukizi kabla halijakomaa, akafunga hapo mbeta, yaani pingili ya mwanzi mkavu iliyo wazi juu, na utomvu ukadondokea humo. Asubuhi na jioni hurudi, akamimina kilichopatikana, kisha akalichonga tena lile jeraha kwa kisu kikali, maana lisipochongwa huziba. Chipukizi lililogemwa halitakuwa tena mwanzi wa kujengea. Mwenye shamba amekwisha kuchagua kati ya fito na kinywaji.

Jambo la kuangaliwa sana ni hilo la mbeta. Haioshwi ikatakata. Hamira ya asili iliyobaki ndani yake tangu jana ndiyo inayouchachusha utomvu wa leo, na kwa hiyo ulanzi huanza kuchacha ungali juu ya mwanzi, hata mgema hajafika. Hakuna saa hata moja ambayo umesimama. Atakayeuhukumu ajue ya kuwa ahukumu kitu kilicho safarini.

Ndiyo maana majina yake ni majina ya umri. Ulioteremshwa punde huitwa mtogwa: mtamu, mwepesi, wenye harufu ya majani mabichi yaliyokatwa. Jina lenyewe laonekana kuwa na undugu na togwa, kile kinywaji cha nafaka kisicholevya. Ukikaa siku moja au zaidi hugeuka kuwa mkangafu: utamu umekwisha kuliwa na hamira, ukali umepanda, na uchachu wauma pande mbili za ulimi. Kileo chake hapo ni kama sehemu 5 katika 100, chini ya nusu ya divai ya zabibu, ambayo kwa kawaida hufika 12 au 13. Lakini kati ya majina hayo mawili zipo saa nyingi, na hapo ndipo penye ubingwa.

Niliwahi kuketi na mzee mmoja kilabuni, pembezoni mwa mji wa Songea, asubuhi moja ya mwezi wa Machi. Nilipokwisha kumwamkia nilimwuliza ni ulanzi upi ulio bora. Alinijibu, "Bora kwa nani, mjukuu wangu? Mimi nimemaliza kulima. Wewe bado una safari." Kisha akanisogezea kikombe na kuniamuru ninuse kwanza. Je, nasikia majani, au nasikia siki? Nilisema nasikia vyote viwili. Akatikisa kichwa: vyote viwili maana yake ni kwamba wa leo umechanganywa na wa jana. Muuzaji, aliyekuwa akitusikiliza, alicheka bila kukana. Mzee aliendelea kunifundisha kutazama povu. Povu dogo linalopanda mfululizo ni dalili ya uhai. Povu lililokufa, na kinywaji kuwa chembamba mdomoni, ni dalili ya maji. Ulinganifu, kwa kadiri nilivyomwelewa, ulikuwa ile saa ambayo ukali umekwisha kufika na utamu haujaaga. Kikombe kimoja hakukigusa. Alikifunika kwa kisahani na kukiweka kando, nami sikuuliza kwa nini.

Hapo msomaji ataona ya kuwa harufu, ladha, ulinganifu na umri, mambo yale yale manne yanayoulizwa juu ya divai ya Ulaya, yaliulizwa yote mezani pale. Tofauti ni katika kipimo cha umri. Divai ya zabibu yaweza kuwekwa kwa sababu ina kileo cha kutosha, ina uchachu wake wa asili na ule ukakasi utokao katika maganda na kokwa za zabibu, na hufungiwa chupani mbali na hewa. Louis Pasteur, katika kitabu chake juu ya divai cha mwaka 1866, alionyesha ya kuwa divai huharibiwa na vijidudu, na kwamba hewa ina kazi kubwa katika kuigeuza, kwa wema au kwa ubaya. Ulanzi hauna ngome hizo: kileo chake ni kidogo, mdomo wa mbeta u wazi, na vijidudu vya siki vimo humo tangu mwanzo. Tena tusisahau ya kuwa hata divai nyingi za dunia hutengenezwa zinywewe zingali changa. Ile inayongojewa miaka 20 ni chache, ingawa ndiyo iliyoandikiwa vitabu.

Sasa tutazame historia. Mwaka 1898 Wabenediktini wa Mtakatifu Ottilien walianzisha misheni Peramiho, magharibi ya Songea. Ilichomwa katika vita vya Majimaji mwaka 1905, ikajengwa tena, ikawa mojawapo ya misheni kubwa kabisa za kusini. Pamoja na Misa iliingia divai, na pamoja na divai hukumu ya namna nyingine. Sheria ya Kanisa yataka divai ya Misa iwe ya asili, itokane na mzabibu, wala isiwe imeharibika. Basi ulanzi, hata ule ulio safi kuliko wote, haukuweza kupanda altareni. Wala haukukataliwa kwa ladha, ulikataliwa kwa nasaba. Sisemi kwamba sheria hiyo ni mbaya, maana ina sababu zake katika imani. Nasema tu ya kuwa Mkristo wa Songea alijifunza hapo kwamba kipo kinywaji chenye heshima, na hicho hakikutoka katika shamba la baba yake. Na alipofika katika Injili ya Luka, mahali panapokataza kutia divai mpya katika viriba vikuukuu, mgema bila shaka alishangaa kidogo. Kwake yeye chombo kikuukuu ndicho kinachokifanya kinywaji kipya.

Serikali nayo ilikuwa na mizani yake. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia biashara ya pombe kali katika sehemu kubwa ya Afrika, na hati ya udhamini ya mwaka 1922, iliyoikabidhi Tanganyika kwa Waingereza, iliagiza uuzaji wa pombe kali uangaliwe sana. Mtu aligawanywa kwa rangi yake na kinywaji kwa namna yake: pombe kali za Kizungu zilizuiwa kwa Waafrika, na ulanzi ukatiwa katika fungu moja na pombe za nafaka na za asali, fungu la pombe za wenyeji. Fungu hilo halikuuliza harufu wala umri. Liliuliza leseni, saa za kufungua, na ada.

Wakati huo huo vijana walikuwa wakiondoka. P. H. Gulliver, katika uchunguzi wake wa mwaka 1955 juu ya Wangoni na Wandendeuli, ameeleza jinsi maelfu ya wanaume walivyokwenda mbali kutafuta kazi, wengi wao katika mashamba ya mkonge. Waliofika Tanga walifika katika nchi ya tembo la mnazi, ambako nako hutofautishwa tembo tamu na tembo kali, na ambako husemwa kuwa mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Methali hiyo twaitumia leo kuwaonya wenye majivuno, tukasahau ya kuwa kwanza ni neno la mwonjaji. Yaonyesha ya kuwa mgema aliishi chini ya ulimi wa majirani zake, na kwamba sifa na lawama zao zilibadili kilichokuwamo kibuyuni.

Uhuru haukuligusa sana lile fungu. Sheria ya Vileo ya mwaka 1968 iliendelea kushughulikia leseni na saa za kuuza. Huko Dodoma zabibu zilizoletwa na wamisionari zimekuwa kilimo kikubwa, zikivunwa mara mbili kwa mwaka, na divai yake ina chupa, jina la aina ya zabibu, na chuo cha utafiti Makutupora. Naifurahia. Lakini mwanafunzi wetu akitaka kuieleza divai hiyo huanza kutunga maneno ya Kiswahili kwa kufuata ya Kiingereza, hali maneno ya kazi hiyo yapo tayari kilabuni, nayo hayajaingizwa katika kamusi kwa utaratibu wala kupangwa kwa saa zake.

Jioni nilirudi kumwaga yule mzee. Alikifunua kile kikombe cha asubuhi, akaniambia nionje. Harufu ya majani ilikuwa imekwisha. Povu lilikuwa bado likipanda, polepole, na utamu ulikuja mwisho, baada ya ukali, kisha ukapotea. "Huu sasa ni wangu," akasema, akakichukua.