Timu ya taifa ya mpira wa miguu ya wanawake ya Zanzibar

Timu ya taifa ya mpira wa miguu ya wanawake ya Zanzibar ni timu inayoiwakilisha Zanzibar, yaani visiwa vya Unguja na Pemba, katika mashindano ya wanawake ya Afrika Mashariki na Kati. Inasimamiwa na Shirikisho la Mpira wa Miguu Zanzibar (ZFF).

== Hadhi ya kimataifa ==
Tanganyika na Zanzibar ziliungana tarehe 26 Aprili 1964. Michezo si jambo la Muungano, hivyo Zanzibar ina shirikisho lake, ligi zake na timu zake za taifa. Hata hivyo kwa kawaida FIFA inatambua shirikisho moja tu kwa kila nchi, nalo kwa Tanzania ni TFF. Mwezi Machi 2017 Zanzibar ilikubaliwa kuwa mwanachama wa 55 wa CAF, lakini uanachama huo ulifutwa mwezi Julai mwaka huohuo.

Kwa sababu hiyo timu haiwezi kuwania Kombe la Dunia wala Kombe la Mataifa ya Afrika. Mchezaji wa Kizanzibari anayetaka kufika huko hana budi kuchaguliwa katika Twiga Stars, timu ya wanawake ya Tanzania. Uwanja uliobaki wazi kwa timu yenyewe ni mashindano ya CECAFA, ambayo Zanzibar ni mwanachama wake.

== Mashindano ==
Mwaka 2016 timu ilishiriki mashindano ya CECAFA yaliyofanyika Jinja, Uganda, ikatolewa katika hatua ya makundi. Bingwa alikuwa Tanzania, aliyeifunga Kenya 2-1 katika fainali. Mwaka 2022 Zanzibar ilishiriki tena, safari hii huko Njeru, Uganda. Hivyo wachezaji wa Zanzibar na wa Tanzania Bara, ambao ni raia wa nchi moja, wanaweza kukutana wakiwa wapinzani.

== Wanawake na mpira Zanzibar ==
Wengi wa wakazi wa Zanzibar ni Waislamu, na kwa muda mrefu watu wengi waliona mpira kuwa mchezo wa wanaume. Mavazi ya uwanjani na kucheza mbele ya wanaume vilizua mabishano katika familia na mitaani. Maisha ya wachezaji wa klabu ya Women Fighters ya Unguja yalionyeshwa katika filamu ya hali halisi ''Zanzibar Soccer Queens'' (2007) ya Florence Ayisi, mtengenezaji filamu kutoka Kamerun.

== Tazama pia ==
* Twiga Stars
* Timu ya taifa ya mpira wa miguu ya Zanzibar
* CECAFA