Kipande, Tiketi na Alama ya Kidole: Historia ya Kuandikishwa Kwetu

(Muziki wa kipindi unapanda, kisha unashuka.)

Leo tunazungumza juu ya jambo ulilolifanya mara nyingi: kutoa jina lako na kuweka kidole kwenye mashine. Habari hizo zikishaandikwa ni za nani? Ili kujibu, turudi nyuma kidogo.

Serikali za Afrika Mashariki zimekuwa zikiandika watu tangu zamani. Nchini Kenya, wakoloni walitunga sheria ya kipande mwaka 1915, wakaanza kuitekeleza baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwanamume Mwafrika alichukuliwa alama za vidole, akapewa karatasi ndani ya kikopo cha chuma cha kuning'iniza shingoni. Lengo lilikuwa kumbana mfanyakazi asimkimbie mwajiri. Watu hawakunyamaza. Harry Thuku alipokamatwa Machi 1922, kipande kilikuwa miongoni mwa malalamiko aliyokuwa akiyapigania. Kiliondolewa mwishoni mwa miaka ya 1940.

Hapa Uganda, wazee watakumbuka tiketi ya kodi ya kichwa. Mwanamume aliyekutwa njiani bila tiketi aliweza kukamatwa. Kodi hiyo ilisimamishwa mwaka 2005.

West Nile inajua pia maisha ya ukimbizi. Baada ya Idi Amin kuanguka mwaka 1979, watu wengi wa hapa walikimbilia Zaire na Sudan. Siku hizo mkimbizi aliandikwa kwenye karatasi. Kadi ya mgao ikilowa mvua au ikipotea, shida ilikuwa yako. Lakini karatasi hiyo haikuweza kusafiri hadi nchi tano kwa dakika moja.

(Muziki mfupi.)

Mambo yalibadilika mwaka 2018. Mapema mwaka huo zilitokea tuhuma kwamba hesabu ya wakimbizi nchini imeongezwa kwa udanganyifu. Ofisi ya Waziri Mkuu, OPM, pamoja na UNHCR wakaanza uhakiki wa nchi nzima tarehe 1 Machi 2018. Watu walipimwa vidole na mboni za macho. Kazi ilipomalizika Oktoba, walihakikiwa watu 1,091,024, wakati makadirio ya awali yalikuwa karibu milioni 1.4.

Faida ilikuwepo: mgao wa mtu hauwezi kuchukuliwa kirahisi na mwingine. Lakini kadi ukiipoteza utapewa nyingine, jina lenyewe laweza kubadilishwa, ila kidole na jicho ni vilevile mpaka kaburini. Habari zake zikivuja, haziwezi kurudishwa.

Wakati huohuo, wasioandikwa nao waliumia. Bila kitambulisho kinachokubalika, mkimbizi hakuweza kusajili laini ya simu kwa jina lake. Wengi walitumia laini za watu wengine, na pesa za simu zikapita mikononi mwa wengine. Agosti 2019 Tume ya Mawasiliano, UCC, iliruhusu wakimbizi kusajili laini kwa kitambulisho cha mkimbizi au barua ya utambulisho ya OPM. Mlango huo ulifunguliwa kwa sababu wahusika waliuomba.

Na sheria je? Katiba ya 1995, ibara ya 27, inalinda faragha ya kila mtu. Baada ya mashirika ya kiraia kama Unwanted Witness na CIPESA kusukuma kwa miaka, Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ilitiwa saini Februari 2019. Anayekusanya habari zako ndani ya Uganda, iwe serikali au shirika, anapaswa kukueleza anazitaka kwa kazi gani. Una haki ya kuziona, na kudai zisahihishwe zikiwa na makosa. Sheria haibagui mwenyeji na mkimbizi hapo.

Lakini ipo tundu. Kwa wanaoshika data nje ya nchi, sheria inataja habari za raia wa Uganda. Mkimbizi kutoka Kongo au Sudan Kusini hatajwi. Tundu hilo si dogo. Mwaka 2021 Human Rights Watch iliripoti kwamba habari za Warohingya zilizokusanywa Bangladesh ziliifikia serikali ya Myanmar, ile ile waliyoikimbia, na kwamba wengi hawakuelezwa hivyo. UNHCR ilisema ilieleza watu na kuomba ridhaa yao.

Kwa hiyo, ndugu, utakapoitwa tena mezani, uliza kwa adabu: Mnazitaka kwa nini? Nani ataziona? Zitatumwa wapi? Nikikataa, nitanyimwa mgao? Kama hujaelewa lugha, omba mkalimani. Kwenye mikutano ya viongozi wa wakimbizi na ya halmashauri ya wilaya, ombeni tundu la sheria lizibwe. Waliovaa kipande hawakuulizwa kitu. Wewe sheria inakuruhusu kuuliza.

Tukutane kipindi kijacho. Kaa salama.

(Muziki unapanda hadi mwisho.)